Unyayo Usiohisi Jua la Adhuhuri

Kidonda kimefunga na daktari ameniruhusu kuvaa kiatu, ndiyo maana naandika sasa. Kilipokuwa kibichi nisingeweza. Ningeandika malalamiko matupu, na malalamiko hayamfai mtu. Namwandikia yeyote aliyeambiwa ana sukari akaamua kuificha, kama nilivyoificha mimi kwa miaka mitatu. Na kama wewe ni imamu, mchungaji, mzee wa mtaa au mama wa chama, basi nakuandikia mara mbili, kwa sababu sisi ndio wagonjwa wabaya kuliko wote. Kushauri tunajua sana. Kushauriwa ndiko kunakotushinda.

Mimi ni imamu wa msikiti mdogo katika Mji wa Kale, Mombasa, mwendo wa dakika chache kutoka Ngome ya Yesu. Watu huniita Maalim Shee. Kazi yangu ina heshima yake, na ina ulaji wake pia. Penye hitma nipo, penye ndoa nipo, penye akika na maulidi nipo, na dua ikimalizika sinia huletwa mbele yangu kwanza. Kipande cha kwanza cha halwa hutiwa kiganjani mwangu kabla ya cha mtu mwingine yeyote. Kukikataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba, na wala sikupata kukataa. Ijumaa moja ningeweza kupita nyumba tatu, kisha nikarudi kwangu na furushi mkononi. Tumbo lilipotangulia mbele, watu walisema Maalim amenawiri.

Sukari iligunduliwa siku watu wa afya walipopiga hema uwanjani Makadara wakawa wanapima wapita njia. Nilinyoosha kidole kwa kufanya mzaha tu, nikaondoka na barua ya kwenda kliniki. Huko nikapewa vidonge. Nilivificha nyuma ya vitabu vya fikihi, mahali ambapo nilijua mke wangu hafagii, na nilivimeza nilipokumbuka. Ramadhani ilipofika niliketi darasani nikawafundisha watu kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Mimi mwenyewe nikafunga siku zote thelathini. Niliona haya kuonekana nikinywa maji mchana.

Miguu ilianza kwa ganzi. Halafu ikaja hali ya kuchomachoma, hasa vidoleni, nikawa naikanyaga sakafu kwa nguvu ili itulie. Kisha siku moja ikatulia kabisa, nikamshukuru Mungu. Sikujua nashukuru kitu gani.

Hapa ndipo penye kosa ambalo hadi leo likinijia hucheka kidogo, halafu hunyamaza. Msikiti wetu ni wa kizamani. Mahali pa kutawadha pako upande mmoja, ukumbi wa kuswalia upande wa pili, na katikati kuna ua wa saruji usio na paa. Viatu huachwa langoni. Miezi ya kaskazi, jua la adhuhuri likishaichoma ile saruji, watu huuvuka ua mbio mbio kwa ncha za vidole, wazee kwa vijana, mpaka ukitazama kwa mbali utadhani wanacheza ngoma. Mimi nilikuwa navuka polepole, kanzu imenyooka, tasbihi mkononi. Watu wa safu ya mbele wakaanza kunong'onezana kwamba Maalim ana jambo lake na Mola wake. Mmoja aliniambia waziwazi kuwa ile ni karama, na kwamba jua lenyewe linanistahi.

 Nilitazama chini kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule ulinipendeza mno. Adhuhuri iliyofuata nilivuka polepole zaidi.

Mwanzoni mwa Shaabani kamati ya msikiti ikapokea barua ya mwaliko. Watu wa afya walikuwa wanataka viongozi wa dini na wa mitaa wa kisiwani wapewe mafunzo ya siku tatu, ili wakawaeleze watu wao namna ya kula, kutembea na kujichunguza. Kamati ikanichagua mimi. Nilikwenda shingo upande. Nilimwambia mke wangu, Mwanasiti, kwamba umri huu naitwa kufundishwa kula.

Ukumbi ulikuwa karibu na Mwembe Tayari, na honi za mabasi ya bara ziliingia madirishani siku nzima. Tulikuwa maimamu, wachungaji, wazee wa mtaa, kina mama wa vyama, na bwana mmoja mpole kutoka hekalu la Wahindu. Saa nne ikaletwa chai ya rangi bila sukari, na viazi vitamu vya kuchemsha. Maimamu tulitazamana. Wachungaji nao walitazamana. Kwa mara ya kwanza dini zote pale ukumbini zilikuwa na jambo moja la kulalamikia, na nadhani ndipo tulipoanza kuzoeana.

Mwalimu wetu alikuwa muuguzi, Sista Nekesa, mwanamke mfupi kutoka Magharibi mwa Kenya aliyekuwa akitembea kwa haraka na kusema taratibu. Siku ya pili alituambia tuvue viatu na tukae wawiliwawili. Mwenzangu alikuwa Mchungaji Mwakio, Mtaita anayefanya kazi ya ukarani bandarini siku za wiki na kuhubiri Makupa Jumapili. Kila jozi ilipewa kipande cha uzi mgumu wa nailoni, kama ule wa mshipi wa kuvulia samaki. Mmoja afumbe macho, mwenziwe amguse nyayoni kwa ule uzi, na kila akiguswa aseme ndiyo.

Nilifumba macho. Nikangoja. Sikuhisi kitu. Nikaona nikinyamaza sana nitajulikana, nikaanza kubahatisha.

"Ndiyo," nikasema. Nikangoja kidogo. "Ndiyo. Ndiyo."

 Kisha nikasikia sauti ya Mchungaji, ya chini, ili wengine wasisikie.

"Maalim, sijakugusa bado."

Nilifumbua macho. Alikuwa ameshika uzi mkono mmoja, na mkono wa pili ameuinua mguu wangu wa kulia, anautazama chini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na hapa pana nini?" akauliza.

Sikujua pana nini. Mguu ni wangu, nauosha mara tano kila siku, na sikujua. Alimwita Sista, Sista akachuchumaa, akavibonyeza vidole vyangu viwili vya mwisho pale vinapoungana na unyayo. Saruji ilikuwa imeniunguza, malengelenge yakapasuka, na ndani pakaoza bila ya mimi kusikia hata mwasho. Harufu niliisikia wakati ule, na nikaelewa kwa nini siku mbili hizo nilikuwa nikidhani kuna panya amekufa chumbani.

"Mzee, unaenda hospitali leo," Sista akasema. "Si kesho. Sasa hivi, kabla ya chakula."

Mchungaji Mwakio alinipeleka. Sikumwomba. Aliniitia teksi, akapanda naye, akaketi nami kwenye benchi la hospitali kubwa kwa muda wa saa nyingi, kiatu changu cha kulia kikiwa mapajani mwake ndani ya mfuko wa karatasi. Sikuweza tena kukivaa, na yeye hakutaka kikae sakafuni. Wanaosubiri pale hutazamana sana, maana hakuna kingine cha kutazama. Kulikuwa na mama wa Kigiriama aliyemlaza mumewe begani. Kulikuwa na mwanamume wa makamo aliyefunikwa leso kuanzia kiunoni, na leso ile upande mmoja ilikuwa imelala bapa juu ya benchi kwa sababu chini yake hapakuwa na mguu. Sikuweza kuacha kuitazama.

Jioni daktari akaja. Alikuwa kijana mwenye macho ya kuchoka. Alinieleza bila kunizungusha.

"Tutaondoa vidole viwili na tusafishe. Kama maambukizi yamesimama hapo, mguu utabaki. Kama yamepanda, tutakata chini ya goti. Tutajua baada ya wiki mbili."

Swali langu la kwanza lilimshangaza. Nilimuuliza, nikikatwa mguu nitawaswalisha vipi watu. Ibada ya imamu iko mwilini mwake, mbele ya macho ya wote: kusimama, kurukuu, kusujudu na vidole vya miguu vimekunjwa kuelekea kibla. Alijibu kwamba hilo hajui, yeye anajua mifupa. Nilimchukia kwa siku mbili hivi.

Mwanasiti alifika na kapu la nguo. Alimkuta Mchungaji ameketi pembeni ya kitanda, akamwamkia, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote. Aliporudi alisimama miguuni pangu.

"Yule bwana ameuona unyayo wako kabla yangu mimi," akasema. "Miaka ishirini na sita, Shee."

"Sikutaka kukutia hofu."

"Nitazame matoni. Nalikuwa nikikupikia kaimati kila Alkhamisi, nikizitia shira mpaka zilewe, nami nafurahi kukuona wazila. Wewe wajua una sukari, huneni, wala sahani huisukumi. Ulitaka nikuuwe kwa mikono yangu, nisijue?"

 Hakulia. Alizikunja nguo, akazitia kabatini, akaketi akinipa mgongo. Kwa wiki tatu alikuja kila siku, akanilisha, akanifuta mwili, na hakunisemesha ila la lazima. Wanaosema ugonjwa wa sukari hauumi hawajapata kunyamaziwa na mke wa Kimvita.

Vidole vilikatwa. Kwetu kiungo cha Muislamu hakitupwi, kwa hiyo Mzee Athmani, muadhini wetu, mtu wa miaka sabini na kitu na rafiki yangu wa tangu ujana, alikuja na kipande cha bafta nyeupe. Alivipokea kwa muuguzi, akavifunga, akaenda navyo makaburini. Alasiri akarudi kunipa habari.

"Nimevizika kando ya mamako," akasema. "Usiwe na dhiki, yakhe. Vitakungojea, wala usivifanyie haraka."

Tukacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu nilazwe. Mwanasiti alikuwa mlangoni na bakuli la uji, na nilimwona anauma mdomo asicheke na yeye.

Kidonda kilisafishwa kila Jumatatu na Alhamisi, siku zile zile nilizozoea kufunga sunna. Basi wiki zangu zikawa na Jumatatu na Alhamisi tu, siku nyingine zilikuwa za kungoja. Sista Nekesa, ambaye kumbe ndiye msimamizi wa kliniki ya miguu, alikuwa akifungua bandeji polepole, akiangalia rangi. Nyekundu ni habari njema. Nyeusi ni habari mbaya. Kijivu ni ya kungoja. Kila akifungua nilisoma uso wake, maana mimi nisingehisi hata angekata. Mguu wangu ulikuwa unaamuliwa pale, na mimi mwenyewe sikuwa na habari zake.

Wiki mbili zilipotimia palikuwa na kijivu. Daktari akaongeza wiki moja. Kwa wiki ile sikulala vizuri wala kula vizuri, na kila nikiona kanzu yangu imetundikwa niliipima kwa macho, nikijiuliza itaning'inia vipi upande wa kulia. Nilikuwa nimekonda. Mashavu yaliingia ndani, pete ilinitoka kidoleni, na wanafunzi wangu wa madrasa walipoletwa kunizuru, mmoja alijificha nyuma ya mwenziwe. Nilimwomba Mungu aniachie mguu. Nitasema ukweli: sikuomba kwa ajili ya afya, niliomba kwa ajili ya cheo. Nilitaka kurudi kusimama mbele.

Alhamisi ya wiki ya tatu Sista alifungua bandeji, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nyekundu," akasema. "Nyekundu kila mahali, Mzee. Mguu ni wako."

Nililia mbele ya wanawake na wanaume wa wodi nzima. Mwanasiti alichukua ncha ya buibui lake akanifuta, akasema, "Haya, basi, basi, Bwana Shee," na kutoka siku ile tukawa tunasemeshana.

Ramadhani ilinikuta nyumbani, marufuku kufunga. Siku ya kwanza adhuhuri Mwanasiti alifunga madirisha na kuvuta pazia kabla ya kuniletea chakula, ili jirani wa ng'ambo, ambaye dirisha lake na letu ni kama watu wawili wanaonong'ona, asituone. Nilikula vijiko vitatu gizani. Kisha nikamwomba afungue.

"Watakuona," akasema.

"Na waone. Nimewafundisha mambo haya miaka yote, hawajapata kuyaona."

Alifungua. Nikanywa maji gilasi nzima dirishani, mchana kweupe. Jirani akaniona, akainamisha kichwa, na kesho yake akamtuma mkewe kuja kuuliza kwa siri kama mtu mwenye presha naye anaruhusiwa. Wiki hiyo hiyo Mchungaji Mwakio alikuja kunijulia hali. Mwanasiti akamletea chai, akaikataa kwa kuheshimu Ramadhani. Basi tukaketi hivyo, mchungaji amefunga mdomo, na imamu ameshika gilasi.

Ni yeye aliyenifumbua macho siku ile. Tulikuwa tunazungumza kuhusu mafunzo ambayo sikuyamaliza. Alisema kanisani kwake amewaomba watu wakaguane miguu, na wanaona tabu, maana Mkristo huvua viatu akienda kulala.

"Lakini nyinyi," akasema, "mnavua viatu mara tano kwa siku. Mnaosha mguu mpaka kifundoni. Maalim, mnawezaje kukosa kuona?"

Nilikaa na swali lile siku nyingi. Jibu lake ni aibu: tunaosha bila kutazama. Mkono unajua njia, na macho yako kwenye saa ya ukutani, tusikose rakaa ya kwanza. Na ndani ya udhu mna sunna ya kupitisha kidole baina ya vidole vya miguu, mmoja baada ya mwingine. Mtu anayeifuata ile sunna na macho yake yakaufuata mkono wake, hawezi kukaa na kidonda siku mbili bila kukijua. Dawa tulikuwa nayo tangu utotoni.

Mvua za masika zilipoanza, Sista akanipigia simu kuwa kuna kundi jipya la mafunzo, na kwamba mimi nimebakisha siku ya tatu. Nilikwenda na gongo la kutembelea. Siku ya tatu ndiyo ambayo kila mtu husimama akaonyesha atakavyowafundisha watu wake. Niliomba ndoo ya maji na kiti. Nikavua soksi mbele ya maimamu wenzangu na wachungaji na kina mama, nikatawadha mguu wangu wenye vidole vitatu, hatua kwa hatua, nikiwaambia nini cha kutazama wapi.  Nilipomaliza, mama mmoja kiongozi wa chama cha akiba huko Kuze aliomba nirudie, akitia alama kwenye daftari.

Lakini kundi la mafunzo si msikiti. Kilichobaki ni mimbari, na hiyo niliiogopa kuliko kisu. Nilirudi mihirabuni wakati wa kusi, hewa imepoa. Sujudu nilishaiulizia kwa sheikh wangu mkubwa, akaniambia vidole vilivyobaki vinatosha na Mungu hamdai mja asichonacho. Ijumaa ya kwanza nilipanda na fimbo ya khatibu, ambayo khatibu yeyote huishika, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba safari hii fimbo ndiyo iliyonishika mimi.

Niliwaambia yote. Niliwaambia kuhusu vidonge nyuma ya vitabu, na Ramadhani tatu za unafiki. Kisha nikafika pale penyewe.

"Mlisema jua halinichomi kwa sababu ya karama," nikasema. "Lilinichoma. Mguu ulikuwa umekufa. Nami nilijua kwamba sihisi, na nikawaacha mseme, kwa kuwa nilipenda kusikia. Aliye hapa na haihisi saruji ile, asijione walii. Aende akapimwe."

Baada ya swala mwenyekiti wa kamati, Bwana Swaleh, alinivuta kando. Ni mtu mwema, mwenye duka la vitambaa, na hasira zake ni za kweli.

"Mambo ya mwili wako ungeyawata nyumbani, Maalim," akasema. "Watu waja msikitini kusikia dini. Sasa imamu wetu atajulikana kisiwa kizima kwa vidole."

"Bora wanijue kwa hivyo," nikamwambia.

"Kamati itakaa kulizungumza."

Ilikaa. Kwa majuma mawili sikujua kama ningebaki imamu, na ajabu ni kwamba safari hii sikuwa na hofu ile ya hospitali. Niliendelea kuswalisha, na kabla ya kila swala nilikwenda pale penye mifereji ya kutawadhia kusimama na wazee. Tatizo likajitokeza papo hapo: mzee wa miaka sabini hawezi kujikunja akauona unyayo wake. Nilimweleza Mwanasiti.  Aliingia chumbani, akatoka na kioo cha meza yake ya kujipambia, alichokuja nacho alipoolewa, akaniambia nikakilaze sakafuni kwenye mifereji, kando ya kiti. Mzee anaketi, anainua mguu juu ya kioo, anauona unyayo wake wote bila ya kuinama.

Siku ya kwanza walikicheka. Siku ya pili kulikuwa na foleni. Kamati ilipokutana mara ya pili, ilimkuta Bwana Swaleh mwenyewe ameleta vioo viwili kutoka dukani kwa shemeji yake, amevitia fremu ya mbao visije vikamkata mtu. Kuhusu mimi hakusema lolote, wala sikumuuliza; nikabaki imamu.

Mwanasiti naye amekwenda mbali kuliko mimi. Alifanya mafunzo na kundi la tatu, na sasa kwenye hitma za mtaa wetu yeye na wenziwe wamefanya mapapai, mananasi na madafu yatangulie, halwa ifuate mwisho, kipande kidogo, kwa anayeitaka. Walisemwa sana. Waliambiwa wanaleta ubahili penye dua. Na Jumamosi asubuhi utawaona, mabuibui na raba miguuni, wakitembea kutoka Ngome mpaka karibu na Feri na kurudi, kina mama wa Kanisa la Mchungaji Mwakio pamoja nao, wanapiga soga njia nzima. Mimi huwafuata nyuma na gongo langu. Hawaningoji.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu. Mwezi wa Mfungo Sita, wiki moja kabla ya Maulidi, Mzee Athmani alinijia alasiri baada ya kuadhini. Aliketi, akavua kiatu, akaniinulia mguu wa kushoto.

"Nimeona kitu kiooni nikitawadha," akasema. "Ki baina ya kidole cha tatu na cha nne. Hakiniumi hata kidogo, na hilo ndilo linitialo hofu."

Ulikuwa mpasuko mdogo, usiozidi punje ya mchele, pembeni mwake pameanza kuwa peupe. Nami sikujua kama yeye ana sukari. Hata yeye hakujua. Asubuhi ya pili tulikuwa kwenye benchi la kliniki, sisi wawili, na nilikuwa nimemshikia kiatu chake mapajani.

Alipimwa, sukari ikaonekana ya juu. Akapewa vidonge, na hakuna aliyemwambia avifiche. Kidonda kilisafishwa Jumatatu na Alhamisi, wiki mbili tu, na wiki ya tatu Sista Nekesa akafungua bandeji, akapitisha kidole pale palipokuwa na mpasuko, hapana kitu. Akamtazama.

"Wengi huniletea miguu ikiwa imeshaoza, Mzee," akasema. "Wewe, nani alikuonea kidonda hiki?"

"Nimejionea mwenyewe," Mzee Athmani akajibu, kwa sauti ile ile ya kuadhinia, mpaka watu wa benchini wakageuka. "Nikitia udhu."

Sista aliandika kwenye kadi yake kwamba hahitaji kurudi ila kwa kupimwa sukari. Mzee akavaa kiatu, akajifunga kikoi vizuri, akatangulia mlangoni. Nilimfuata nyuma, yeye na vidole vyake kumi, mimi na vinane vyangu, na tangu nizaliwe sijapata kujivunia kitu kama nilivyoijivunia ile miguu miwili ya mwenzangu ikiteremka ngazi.